Kuchaji simu kwenye Linux na BSD: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Linux haichaji simu mpaka uweke draiva (programu inayouwezesha mfumo kutumia kifaa fulani)." Hii ndiyo inayosambaa kuliko zote, na imewafanya watu wafute mfumo mzima bure. Volti 5 ziko kwenye poti ya USB bila draiva yoyote. Suala ni kiasi. Kanuni za USB 2.0 zinataka kifaa kisivute zaidi ya miliampea 100 mpaka kompyuta ikitambue na kukiruhusu. Kikisharuhusiwa, kinaweza kufika 500. Kwa USB 3.0 ni 150, kisha 900. Ruhusa hiyo hutolewa na kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo, inaposoma maelezo ya kifaa, iwe ni Linux au mifumo ya BSD kama FreeBSD na OpenBSD, hata kama hakuna draiva inayoielewa simu yako.

Ila uvumi huu haukuzuka hivihivi. BlackBerry za zamani zilisubiri amri maalumu ndipo zivute miliampea 500. Watumiaji wa Linux waliituma kwa bcharge, programu ya mradi wa Barry; OpenBSD nayo ikawa na draiva iitwayo uberry. Kwa vifaa vya Apple, kerneli ya Linux ina draiva ya apple-mfi-fastcharge. Simu ya Android haihitaji lolote kati ya hayo.

"Lazima umaunti simu kwanza." Hapana. Kumaunti, yaani kuifungua hifadhi ya simu kwenye kompyuta, ni kwa ajili ya mafaili. Chagua kuchaji tu kwenye skrini ya simu, inatosha.

"lsusb imeandika 500mA, kwa hiyo ndizo zinazoingia." Hapa hata mafundi wazuri huteleza. lsusb ni amri ya Linux inayoorodhesha vifaa vya USB, na MaxPower unayoiona kwenye lsusb -v ni kiwango cha juu ambacho kifaa kimejitangazia, si kipimo cha umeme unaopita. Hata pwr=ON (500mA) ya usbconfig, amri ya namna hiyo kule FreeBSD, isome hivyohivyo. Ukitaka kujua Android yenyewe inaonaje, washa USB debugging kwenye simu, kisha kwenye kompyuta andika adb shell dumpsys battery (adb ni programu ya kuiamuru Android kupitia waya). Tafuta mstari wa USB powered, halafu Max charging current, ambao huhesabiwa kwa maikroampea: 500000 ni miliampea 500. Huo nao ni ukomo tu. Kipimo halisi utakipata kwa kimita kidogo cha USB kinachochomekwa kati ya waya na poti.

"Chaji inakatika, basi Linux mbovu." Anza na waya, kisha angalia mipangilio ya kubana betri ya laptop. TLP na powertop, programu za kubana umeme, zinaweza kukilaza kifaa cha USB kisichotumika, na kifaa kilicholazwa, kwa kanuni, hubakiwa na miliampea 2.5 tu. TLP wameliona hilo: fungua /etc/tlp.conf, weka USB_EXCLUDE_PHONE=1, kisha endesha sudo tlp start. Na kama simu umeichomeka kwenye habu isiyo na adapta yake, soma dmesg, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Ukikuta maneno insufficient available bus power, kerneli imekataa ombi kwa sababu habu hiyo, kwa kanuni za USB 2.0, hugawa miliampea 100 tu kwa kila poti. Ihamishie simu kwenye poti ya kompyuta moja kwa moja.

"Chaja ya ukutani ina kasi kwa sababu Linux inabana umeme." Chaja nyingi za ukutani huunganisha nyaya mbili za data ndani yake, simu ikiona hivyo inajua haiko kwenye kompyuta, na inaweza kuvuta hadi miliampea 1500. Poti ya kawaida ya kompyuta haitoi ishara hiyo, na Windows ikiwa kwenye mashine hiyohiyo hali ni ileile. Kwa poti za USB-C, ukomo wa mwanzo hutangazwa na rezista zilizo upande wa kompyuta: kiwango cha kawaida cha USB, ampea 1.5 au ampea 3.

Simu isipoonekana kabisa kwenye lsusb ilhali inachaji, mara nyingi waya wako hauna nyaya za data. Jaribu mwingine kabla hujagusa mfumo.