Kuacha kazi hakuongezi faida sokoni

Wiki hii nimeulizwa tena, safari hii na kijana makini anayetredi, yaani anayenunua na kuuza kwenye masoko ya fedha ili apate faida bei zikibadilika, na anayejua chati zake: "Nikitredi jioni tu napata asilimia 5 kwa mwezi. Nikiacha kazi nikakaa sokoni kutwa nzima, si nitapata 15?"

Hapana. Nimelijibu swali hili hadi nimechoka, na ninaliandika hapa kwa sababu kazi hii ndiyo inayonilisha na nimeona watu wazuri wakiumizwa na hesabu hiyo.

Soko halilipi kwa saa. Mfumo wako unaleta nafasi mbili au tatu kwa siku. Saa zilizobaki ni za kusubiri, na mtu asiye na mshahara husubiri kwa shida sana. Ataingia sokoni tu, hata nafasi isipokuwepo. Tuseme kila oda (kila mara unapoingia sokoni) unahatarisha asilimia 1 ya akaunti, na spredi, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza anayoichukua broka (wakala wako wa soko), inakula sehemu moja ya kumi ya hiyo. Oda 2 kwa siku, kwa siku 20, ni oda 40: asilimia 4 ya akaunti imekwenda kwa broka. Oda 10 kwa siku ni asilimia 20 kila mwezi, hata kama kila ulichoshinda kimelingana na ulichopoteza.

Stopu losi (kikomo cha hasara), levereji (kutredi kwa pesa ya kukopa) na kuzuia hasira mmeshafundishwa, sirudii. Nataka tukae kwenye jambo ambalo wanaouza kozi hawaligusi: kutoa pesa ya kula.

Chukua akaunti ya 10,000, sarafu yoyote, na matumizi ya 500 kwa mwezi. Tayari unahitaji asilimia 5 kila mwezi ili usisogee popote. Sasa ije miezi mitatu mibaya, akaunti ishuke asilimia 20. Hilo ni jambo la kawaida kwa treda mzuri. Aliyeajiriwa anabaki na takriban 8,000, anapunguza ukubwa wa oda, anangoja. Wewe umetoa 1,500 humo humo, kwa hiyo umebaki na kama 6,500. Ili urudi pale ulipoanza unahitaji faida ya asilimia 54 hivi, na ile 500 yako sasa ni karibu asilimia 7.7 ya akaunti. Mfumo ni uleule, soko ni lilelile, lakini unalazimishwa kuongeza hatari wakati hasa unapopaswa kuipunguza. Wengi husema wameangushwa na kukosa nidhamu. Mara nyingi ninapofungua rekodi zao naona kodi ya nyumba.

Wapo wanaoamini kwamba uvumilivu utawafundisha. Wachumi Fernando Chague, Rodrigo De-Losso na Bruno Giovannetti waliwafuatilia watu walioanza kutredi kwa siku (kununua na kuuza ndani ya siku hiyo hiyo) mikataba ya bei ya baadaye ya fahirisi ya hisa nchini Brazil kati ya 2013 na 2015. Kati ya 1,551 waliodumu zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipoteza pesa, na asilimia 1.1 tu walipata zaidi ya kima cha chini cha mshahara. Hawakuona ushahidi kwamba kuendelea kulimfanya mtu awe bora.

Na hapa kuna jambo linalonisumbua mimi mwenyewe. Mtu akinionyesha oda 100, 55 zikiwa za faida, siwezi kumwambia kama ana ujuzi. Watu mia wakirusha sarafu mara 100 kila mmoja, karibu 18 kati yao watapata vichwa 55 au zaidi. Wote hao wangeweza kuandika barua ya kuacha kazi kwa moyo mweupe. Hata miaka yangu mizuri nikiipima hivyo, baadhi yake haithibitishi chochote.

Kwa hiyo kijana nimemwomba vitu viwili: matumizi ya miezi 12 yaliyowekwa kando kabisa na akaunti, na daftari la oda 300 za pesa halisi, zile za demo (akaunti ya majaribio) hazihesabiki. Asipokuwa navyo, atredi jioni na mshahara aendelee kuupokea.

Akaniuliza kama mimi nilikuwa navyo siku niliyoacha kazi. Akiba nilikuwa nayo. Daftari langu lilikuwa na oda 140.