Udumavu si kufuata ukoo
Kwa miaka sasa, ujumbe umekuwa ukizunguka kwenye makundi ya simu ukidai kwamba mtoto mfupi "amefuata ukoo tu", na kwamba akishiba ugali hana shida ya lishe. Kimo cha mtu mzima kweli hurithiwa kwa sehemu kubwa, na hapo ndipo wengi wanapochanganya; lakini watoto wenye afya na lishe bora waliopimwa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani kati ya 1997 na 2003 walikua kwa urefu unaokaribiana mno hadi umri wa miaka mitano.

Mkoa wa Iringa huvuna mahindi kwa wingi, lakini utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao, ilhali wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 30. Ghala limejaa, ila kikombe cha mtoto kina uji mweupe mtupu, usio na karanga wala dagaa.

Anayetaka uhakika aende kliniki, ambako mtoto wa chini ya miaka miwili hulazwa kwenye ubao, akapimwa urefu, kisha ukalinganishwa na umri wake. Mizani peke yake haitoshi, kwani hata mtoto aliyedumaa huweza kuonekana amenona. Ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze.