Utoaji wa homoni ya ukuaji kwa mtoto mfupi

Homoni ya ukuaji hutengenezwa na pituitari, tezi ndogo kama punje ya njegere iliyo chini ya ubongo. Tunaposema utoaji, tunamaanisha namna tezi hiyo inavyoimwaga kwenye damu. Haimwagi mfululizo. Homoni hutoka kwa mikupuo, na mikupuo mikubwa huja usiku, mtoto akiwa kwenye usingizi mzito. Kati ya mkupuo mmoja na mwingine kiwango hushuka karibu na sifuri hata kwa mtoto mwenye afya njema. Ndiyo maana damu iliyochukuliwa mara moja mchana haithibitishi upungufu. Mzazi asiuze mbuzi kulipia kipimo hicho.

Homoni ikifika kwenye ini, ini hutengeneza kemikali iitwayo IGF-1, na hizi mbili kwa pamoja hurefusha mifupa kwenye gegedu za ncha zake.

Hapa Kigoma, mtoto mfupi ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na udumavu wa lishe kuliko ugonjwa wa pituitari. Mtoto mwenye utapiamlo mara nyingi ana homoni nyingi, ila ini haliitikii na IGF-1 iko chini. Sindano ya homoni si dawa yake. Anayekula ugali wa muhogo na mboga tu aongezewe dagaa, maharage na mayai, na kuhara kutibiwe mapema.

Kwa hiyo kazi huanzia kwenye ubao wa kupimia. Mtoto avue viatu, visigino na makalio viguse ubao, atazame mbele. Wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala. Rudia baada ya miezi 6 hadi 12, kwa ubao uleule: kosa la sentimita 1 ndani ya miezi 3 linageuka sentimita 4 kwa mwaka, na hapo hesabu yote imeharibika. Kuanzia miaka 4 hadi kubalehe, mtoto huongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka. Akiongezeka chini ya 4, achunguzwe.

Kwanza hupimwa homoni ya tezi ya shingo, kwa sababu ikiwa chini hupunguza utoaji na kuleta jibu la uongo. Msichana mfupi huchunguzwa pia kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba), kwa ajili ya hali ya Turner, yaani kukosa kromosomu moja ya X au sehemu yake. Kisha ndipo kinafuata kipimo cha kuichochea pituitari: mtoto hulala bila kula, asubuhi hupewa dawa kama klonidini, na damu huchukuliwa kila dakika 30 kwa saa 2 hivi. Kilele cha homoni ya ukuaji kisipofika nanogramu 7 hadi 10 kwa mililita, kulingana na maabara, kipimo hurudiwa kwa dawa nyingine kabla ya kuamua. Klonidini hushusha presha, hivyo kipimo hufanyika hospitali yenye mtaalamu, kwa rufaa.

Kichanga mwenye sukari inayoshuka mara kwa mara na uume mdogo mno, au mtoto aliyeacha kurefuka huku kichwa kikiuma na macho yakififia, hasubiri miezi 6. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.