Kimo cha Mtoto: Kabla ya Kusema "Ndivyo Ukoo Wetu Ulivyo"

Nasaba ina nguvu kubwa katika umbo la mtu. Kimo hakibebwi na jeni moja, bali na maelfu ya tofauti ndogondogo, kila moja ikichangia kidogo sana. Ndiyo maana hata ndugu wa tumbo moja hupishana.

Ukitaka kukadiria, jumlisha kimo cha baba na cha mama. Kwa mvulana ongeza sentimita 13, kwa msichana punguza 13, kisha gawa kwa 2. Baba wa sm 170 na mama wa sm 158 watarajie mvulana wa sm 170.5 au msichana wa sm 157.5, akizidi au kupungua kwa takriban sm 8.5. Lakini kama wazazi wenyewe walidumaa utotoni, yaani walibaki wafupi kuliko umri wao kwa lishe duni au maradhi, hesabu hii itauita udumavu wao urithi.

Shirika la Afya Duniani lilipopima watoto wa Brazil, Ghana, India, Marekani, Norway na Oman, waliolishwa na kutunzwa vizuri, vimo vyao hadi miaka 5 vilikaribiana mno. Katika umri huo, ufupi uliokithiri ukionekana, lishe na maradhi vitiliwe shaka kwanza, ukoo baadaye.

Mifupa mirefu hurefukia kwenye tabaka la gegedu karibu na ncha zake. Mwili ukikosa protini na zinki, au ukipambana na kuhara kila mara, kazi ya tabaka hilo hupungua. Mwaka wa kwanza mtoto huongezeka karibu sm 25, wa pili sm 12, kisha sm 5 hadi 7 kwa mwaka mpaka balehe. Kinachopotea mwanzoni ni kigumu kurudisha, na miguu huathirika kuliko kiwiliwili.

Tazama Iringa, mkoa wa Tanzania wenye mahindi tele: utafiti wa kitaifa wa 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa. Uji mwepesi wa unga mtupu hushibisha tumbo, haujengi mfupa. Kuanzia miezi 6, pamoja na kunyonya, uji uwe mzito wa kutodondoka upesi kijikoni, na mlo uwe na dagaa waliosagwa, yai, maharage, mboga na matunda.

Mizani peke yake haioni udumavu. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mnene. Omba apimwe urefu. Chini ya miaka 2 hulazwa kwenye kibao, watu wawili wakishika: mmoja kichwa kiguse ubao, mwingine magoti yanyooke na nyayo zikae bapa. Viatu na vibanio vya nywele vitolewe. Goti likikunjwa kidogo tu, kipimo kinadanganya. Akipimwa amesimama husomeka mfupi kwa sm 0.7.

Akiwa na miezi 24, amesimama, mvulana aliye chini ya sm 81.0 au msichana chini ya sm 79.3 amedumaa. Usingoje afike hapo: mstari wa urefu kwenye kadi ya kliniki ukilala kati ya mahudhurio mawili, mwombe mhudumu ampime upya siku hiyohiyo na aulize anakula nini.