Wiski huonjwa kwa jozi

Kwa miaka mingi nilisimama nyuma ya kaunta hapa Kampala nikiwaambia wateja kwamba wiski fulani inanukia ua la heather na keki ya Krismasi. Ua hilo sijawahi kuliona. Maneno hayo niliyakariri kutoka kwenye kijitabu tulichogawiwa katika hoteli niliyoanzia kazi, na mteja akiniuliza harufu hiyo ikoje, sikuwa na jibu.

Jioni moja mzee mmoja mfugaji kutoka Ankole aliletwa na mwanawe kusherehekea. Nilimmiminia Laphroaig, wiski ya Scotland, kidogo. Akaipeleka puani, akaishusha, akairudisha tena. "Kijana wangu," akaniambia, "hii ni ekyanzi." Ekyanzi ni chombo cha mti cha maziwa, na Wanyankole hukifukiza kwa moshi wa nyasi kabla ya kutia maziwa ndani. Mwanawe akamsahihisha: "Baba, hii ni pombe ya Wazungu." Lakini mzee alikuwa amesema kweli. Moshi ndio alama ya wiski ile, na yeye aliutambua kwa sekunde tatu kwa sababu amekunywa maziwa ya namna hiyo tangu utotoni.

Tangu siku ile ninapowafundisha wahudumu wa baa nina masharti mawili. Taja harufu kwa kitu ulichokulia nacho. Na usionje wiski moja peke yake: weka mbili, zilizo karibu kufanana katika kila kitu isipokuwa jambo moja. Glasi moja itakwambia tu kwamba pombe ni kali. Zikiwa mbili, pua yenyewe inaanza kuuliza.

Kabla ya jozi, tukubaliane wiski ni kitu gani. Aliyeona malwa ikitengenezwa Teso amekwisha kuona nusu ya kazi. Ulezi unalowekwa, unaachwa uote, unaanikwa. Hicho ndicho kimea. Kimea kinageuza wanga wa nafaka kuwa sukari, kisha hamira inageuza sukari kuwa kileo. Mskoti anafanya hivyohivyo kwa shayiri. Nusu ya pili ameiona aliyepita kando ya kinamasi akakuta pipa la mafuta juu ya moto na mrija wa shaba ukipita majini. Pombe inachemka, mvuke unapoa, yanadondoka matone makali. Mpishi wa waragi, pombe kali ya Uganda, anayejua kazi yake hayaamini matone ya kwanza, na kwenye viwanda vya Scotland ni vivyo hivyo: kichwa na mkia, yaani matone ya kwanza na ya mwisho, hutengwa vikapikwe upya, moyo wa katikati peke yake ndio unaokwenda kwenye pipa.

Na pipa ndilo linaloitenga wiski na waragi. Sheria ya Scotland inataka kinywaji kilale ndani ya mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700, kwa muda usiopungua miaka 3, na kitiwe chupani kikiwa na kileo cha asilimia 40 au zaidi. Kikiwa kimetoka mtamboni hakina rangi kabisa, ni cheupe kama waragi yetu. Rangi ya dhahabu inatoka kwenye mti, au kwenye karameli, maana sheria hiyohiyo inawaruhusu Waskoti kutia karameli ili chupa zote zifanane. Kwa hiyo mtu akikwambia iliyokoza rangi ndiyo bora, msikilize kwa heshima kisha unuse mwenyewe.

Jozi yangu ya kwanza inahusu pipa: Glenmorangie Original na Glenmorangie Lasanta. Kiwanda ni kimoja, shayiri ni moja, mitambo ni ileile. Mitambo yake ndiyo mirefu kuliko yote Scotland, shingo pekee ni zaidi ya mita 5, kimo cha twiga mzima, na urefu huo una kazi. Mvuke mzito unashindwa kufika juu, unarudi chini kuchemka tena, na unaovuka ni ule mwepesi. Original inalala kwenye mapipa yaliyowahi kubeba bourbon, wiski ya mahindi ya Marekani. Lasanta inaanza humohumo, kisha inahamishiwa kwenye mapipa yaliyokaa sherry, mvinyo wa Hispania. Ninusishe Original nikiwa nimefumba macho, nami nitakwambia vanila, asali na ganda la chungwa. Lasanta ina tende, zabibu kavu, karanga zilizokaangwa. Hakuna aliyetia tende mle ndani. Ni ubao uliokunywa mvinyo, ukautoa polepole.

Hiyo vanila naomba niikalie kidogo. Uganda tunalima vanila, na mtu wa Mukono aliyelala nyumba moja na maganda yakikaushwa anaijua harufu yake kuliko mwandishi yeyote wa vijitabu. Kemikali inayotoa harufu ile, vanilini, imo pia katika mti wa mwaloni; fundi wa mapipa anapoubabua ubao kwa moto, vanilini inaachiliwa na pombe inainyonya. Mkulima wa Mukono akisema wiski hii ina vanila, hafananishi. Anataja kitu kilichomo.

Jozi ya pili ni ya mahindi, na hapa ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi na wanafunzi wangu. Glasi moja Jim Beam, bourbon ya Kentucky, Marekani, nyingine Bain's ya Afrika Kusini. Bourbon kisheria lazima nafaka yake iwe mahindi kwa asilimia 51 au zaidi, na lazima ilale kwenye mwaloni mpya uliochomwa ndani mpaka ukawa mkaa. Bain's inapikwa mjini Wellington, katika Rasi ya Magharibi, nayo ni ya mahindi, ila inalala kwenye mapipa ambayo bourbon imekwisha kuyatumia. Ilitoka mwaka 2009, na mwaka 2013 na tena 2018 ikatuzwa kuwa wiski bora ya nafaka duniani katika World Whiskies Awards. Nalitaja hilo kila mara, kwa sababu bado kuna wateja wanaoamini Afrika inajua kunywa wiski lakini haijui kuitengeneza.

Zinuse zote mbili. Jim Beam inakupokea na sukari iliyoungua, kama sufuria ya karanga za sukari dakika moja kabla haijaharibika, halafu mti, halafu ukali wa pilipili manga kwenye ulimi. Bain's ni laini, ina vanila na nazi kidogo, na utamu wa mahindi mabichi ya kuchemsha unabaki nyuma ya koo. Nafaka kuu ni ileile. Pipa jipya linasema kwa sauti, pipa la pili linanong'ona, na ukishazisikia sauti hizo mbili utaelewa kwa nini wiski nyingi za Scotland na Ireland ziko taratibu zaidi: zinalala kwenye mapipa ambayo Mmarekani haruhusiwi kuyatumia tena kwa bourbon.

Ukipata na Jack Daniel's ya kuweka pembeni, tafuta bogoya. Ndizi mbivu kabisa, ile yenye madoadoa meusi. Harufu hiyo huzaliwa na hamira wakati wa kuchacha, na kemikali yake ndiyo iliyomo kwenye ndizi yenyewe. Wiski hii huchujwa kwenye mkaa wa mti wa maple kabla ya kutiwa pipani, jambo linaloilainisha. Aliyemfundisha Jack Daniel kupika alikuwa Mmarekani mweusi aliyekuwa mtumwa, Nathan Green, aliyejulikana kama Nearest. Ningependa kila mhudumu wa baa Kampala alijue jina hilo kabla hajaifungua chupa.

Jozi ya tatu ni ya bei nafuu na inapatikana karibu kila duka la vinywaji: Jameson na Johnnie Walker Black Label. Zote ni mchanganyiko. Ya Ireland hupikwa mara tatu, na sehemu yake inatokana na shayiri yenye kimea iliyochanganywa na shayiri mbichi isiyooteshwa, desturi iliyoshamiri Waayalandi walipokuwa wakikwepa kodi ya kimea. Ndiyo maana inateleza ulimini kama imepakwa mafuta. Black Label, ya Scotland, ina umri wa miaka 12, maana yake hata iliyo changa kuliko zote ndani ya chupa imefikisha miaka hiyo, na ndani yake mna wiski za kisiwa cha Islay. Utausikia moshi mwishoni, mwembamba, kama moshi wa jiko la jirani. Wanaokunywa Black Label kwa miaka kumi bila kuunusa moshi huo ni wengi mno, na wote wameunusa siku ya kwanza nilipoweka Jameson kando yake.

Kwa aliyevutwa na moshi, mlango wake ni Islay yenyewe. Kule shayiri iliyoota hukaushwa kwa moto wa peti: udongo mweusi wa kinamasi, mabaki ya mimea yaliyoshindiliana kwa maelfu ya miaka, hukatwa kama matofali na kuanikwa. Fikiria udongo ulio chini ya mafunjo ya vinamasi vyetu. Moshi hugandia kwenye ganda la shayiri, na viwanda huupima kwa sehemu kwa milioni: Lagavulin ni kama 35, Ardbeg kama 55. Namba hiyo ni ya kimea, si ya chupa, kwa hiyo usiinunue namba. Laphroaig inaongeza kitu cha bahari na dawa ya kidonda, na wapo watakaoichukia. Simshawishi mtu.

Mezani nafanya hivi. Namimina mililita 20, vijiko vinne vya chai, kwenye glasi ndogo ya mvinyo iliyofinyika mdomo. Joto la Kampala hurusha kileo haraka, kwa hiyo usizamishe pua. Ishike glasi chini ya kidevu kwanza, halafu uipandishe. Onja mara moja kavu, kisha ongeza nusu kijiko cha maji uonje tena. Barafu na Stoney ni vya baadaye, ukiwa umeshalinganisha. Nyepesi hutangulia, ya moshi ni ya mwisho kabisa, maana ikishapita mdomoni haina kinachoifuata. Kati ya jozi kula tonge la matoke lisilo na mchuzi, na pua ikichoka nusa mkono wako mwenyewe. Glasi nne zinatosha, na nyumbani urudi ukiwa abiria.

Chupa nunua dukani unakokujua, angalia kizibo hakijachezewa na stempu ya kodi ya URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, ipo. Bei ikiwa nusu ya ile ya madukani, acha.

Kisha usioshe glasi usiku ule. Ziache mezani, zinuse asubuhi kabla ya chai. Kileo kimeruka, kilichobaki kimekauka chini ya glasi. Wiki iliyopita glasi ya Jim Beam ilinuka ubao uliorandwa. Ya Lasanta ilinuka tende. Ya Laphroaig niliinusa kwa muda mrefu nikimkumbuka yule mzee, kwa sababu moshi peke yake ndio uliokuwa umebaki, mkavu na mtamu, kama chombo kilichofukizwa kikingojea maziwa.