Magari yametawala barabara za mtaani: maswali na majibu kuhusu afya

Hivi barabara ya mtaani inahusiana vipi na afya, si mambo ya mainjinia hayo?

Inahusiana sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria ajali za barabarani zinaua watu kama milioni 1.19 kila mwaka, na kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 duniani hakuna kinachowaua zaidi ya hicho, alafu zaidi ya nusu ya wanaokufa ni waenda kwa miguu na watu wa baiskeli na pikipiki, yaani wale wasio na bati la kuwakinga. Hapo bado hatujagusa moshi, kelele za usiku zinazochangia presha, na mtoto anayeshinda ndani kutwa kwa sababu mamake anaogopa magari.

Spidi ya kilomita 30 na 50 kwa saa, tofauti ni kubwa kweli?

Kubwa mno. Gari la 50 likikugonga linakuja na nguvu karibu mara tatu ya lile la 30, na dereva wa 30 anakuwa na muda wa kukuona akashika breki. Helsinki kule Finland zaidi ya nusu ya barabara zake zimewekwa 30, na mwaka mzima hadi Julai 2025 hakufa mtu hata mmoja kwa ajali barabarani. Mji mkuu mzima huo.

Si wazazi wafundishe tu watoto kuvuka?

Wafundishe ndiyo, ila mtoto wa miaka sita hawezi kupima spidi ya gari linalokuja, akili yake haijafika huko hata umfundishe vipi. Barabara inatakiwa ijengwe hivi kwamba mtu akikosea asife.

Sasa kama dawa inajulikana mbona viongozi hawaitumii?

Hapa ndo penyewe. Matuta, njia pana za miguu, kuziba njia za mkato ili magari yasikatize mtaani, vyote hivyo ni hela ndogo ukilinganisha na barabara kuu moja. Kinachokosekana ni uthubutu. Kiongozi anaogopa kelele za miezi ya mwanzo, maana wanaopinga wanajaa kikaoni na bibi anayeshindwa kuvuka hata habari za kikao hana. Lakini kelele hupita. Stockholm kule Sweden 2006 walijaribu tozo ya magari kuingia mjini, kabla ya hapo wengi walikuwa hawaitaki kabisa, magari yakapungua karibu asilimia 20, na Septemba mwaka huohuo wakazi wa jiji wakapiga kura ibaki! Na Pontevedra kule Hispania, meya Fernández Lores, ambaye ni daktari, aliingia 1999 akaanza kuondoa magari katikati ya mji, na wananchi wamemrudisha uchaguzi baada ya uchaguzi. Mi naona viongozi wetu wanaogopa wapiga kura kuliko inavyostahili.

Na mlemavu au mzee anayetegemea gari?

Gari lake liingie, ambulansi na zimamoto pia. Wanaozuiwa ni wale wa kukatiza tu.

Mimi mwananchi wa kawaida nifanyeje?

Uholanzi mwaka 1971 ajali ziliua watu zaidi ya 3,000, zaidi ya 400 wakiwa watoto, wazazi wakachoka, wakaanzisha harakati walioiita "Acheni kuua watoto", wakawa wanafunga mitaa ili watoto wacheze na wanawasumbua wanasiasa mpaka sera zikabadilika. Kwa hiyo jikusanyeni, hata mkiwa kumi. Mgombea akija msimuulize kama anapenda usalama, atasema ndiyo na kuondoka, muulizeni mtaa gani, lini, na hela inatoka fungu gani la bajeti. Akisita mwambieni aanze na majaribio ya miezi sita, ajali na spidi zipimwe kabla na baada, na matokeo yasomwe mbele ya watu wote.