Windows mbili katika diski moja: dhana potofu na ukweli wake

Tangu Microsoft iliposimamisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, watu wengi wamelazimika kuifikiria Windows 11, huku bado wakiihitaji ile ya zamani kwa ajili ya printa ya ofisini au programu ya hesabu ambayo hawajaijaribu kwenye mfumo mpya. Kugawa diski katika partisheni, yaani sehemu zinazohesabiwa kama diski mbalimbali, kila mfumo ukakaa kwenye yake, ni njia nzuri na ninaipendekeza. Linalonisikitisha ni maneno yanayoenezwa juu yake, kwa kuwa baadhi yake yanaweza kumpotezea mtu kazi ya miaka.

Husemwa kwamba kompyuta yenye mifumo miwili lazima iwe nzito. Si kweli. Unapoiwasha unachagua mfumo mmoja, nao peke yake hutumia prosesa na RAM yote, ilhali mwenzake umelala kwenye diski kama faili nyingine yoyote. Kinachopungua ni nafasi: Windows 11 huhitaji diski isiyopungua GB 64, hivyo mwenye diski ya GB 128 atabanwa mapema.

Dhana yenye hatari kubwa zaidi ni kwamba mpaka wa partisheni ni ukuta. Partisheni ni maandishi tu katika jedwali la diski, yanayoeleza kuwa sehemu fulani inaanzia hapa na kuishia pale. Diski yenyewe ikifa, mifumo yote miwili hufa nayo, na ndiyo maana kunakili nyaraka kutoka partisheni moja kwenda nyingine si kuweka akiba. Akiba ni ile iliyo kwenye diski tofauti. Kirusi kilichopata mamlaka ya msimamizi katika mfumo mmoja kinaweza kubadili hata faili zilizo kwenye partisheni ya mwenzake, isipokuwa ikiwa imefungwa kwa usimbaji, yaani data yake imegeuzwa isisomeke bila ufunguo. Tena, katika kompyuta za UEFI (programu ya ndani inayoziwasha kompyuta za kisasa) mifumo hiyo kwa kawaida hutegemea partisheni moja ndogo, mara nyingi ya MB 100 tu, inayohifadhi faili za kuanzishia. Anayeifuta akidhani ni takataka atabaki na Windows mbili zisizowaka.

Wengi pia huamini kwamba kompyuta ikishazimwa, imezimika kabisa. Kipengele cha kuwaka haraka (Fast Startup), ambacho kwa kawaida huja kikiwa kimewashwa, huhifadhi kwenye diski hali ya kiini cha mfumo, pamoja na kumbukumbu yake ya jinsi partisheni zilivyokuwa. Ukiingia kwenye mfumo wa pili na kuandika faili katika partisheni inayotumiwa na yote miwili, kisha ukaurudia ule wa kwanza, huo utaamka na picha ya zamani, na hapo faili zinaweza kupotea au kuharibika. Kizime kipengele hicho katika mifumo yote miwili, wala usiulaze mfumo mmoja (hibernate) kisha ukaingia katika mwingine.

Si lazima pia kufuta kila kitu ili kugawa diski. Kifaa cha kusimamia diski (Disk Management) kilichomo ndani ya Windows hupunguza partisheni iliyopo bila kugusa nyaraka, ingawa hukwama kwenye faili zisizohamishika, kwa mfano ile ya kulazia mfumo, hata kama mbele yake kuna nafasi tele. Kabla ya kuanza, hakikisha unao ufunguo wa kurejesha wa BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows) wenye tarakimu 48, kisha sitisha ulinzi huo kwa muda. Kugawa diski, hata hivyo, hakuondoi sharti la TPM 2.0, yaani chipu ya usalama: mashine isiyokidhi vigezo vya Windows 11 haitavikidhi kwa sababu ya partisheni.

Programu zilizowekwa katika mfumo mmoja hazionekani zimewekwa katika mwingine, kwa kuwa kila Windows ina rejista yake, yaani hifadhi ya mipangilio ya mfumo na programu. Zinazoweza kushirikiwa ni nyaraka.

Na anayedhani kufuta partisheni kunatosha kuondoa mfumo wa zamani atashangaa kuliona jina lake bado kwenye menyu ya kuwashia. Jina hilo huondolewa kwa msconfig, programu ya mipangilio iliyomo ndani ya Windows, na nafasi iliyoachwa huunganishwa kwa kifaa hicho cha kusimamia diski iwapo tu iko mara baada ya partisheni inayopanuliwa, bila partisheni ya uokoaji kukaa katikati.